Charles de Foucauld, Mgeni wa Tamanrasset

Katikati ya jangwa kubwa la Sahara, upande wa kusini wa nchi ya Algeria, iko milima ya mawe matupu iitwayo Hoggar. Huko hakuna msitu, wala mto utiririkao mwaka mzima, wala shamba la mihogo au la migomba. Mvua ikinyesha leo, yaweza kupita mwaka na zaidi isinyeshe tena. Mchana jua huchoma, na usiku wa kipupwe baridi huuma hata maji yakaganda. Tarehe 13 Agosti 1905 alifika chini ya milima hiyo Mzungu mmoja aliyevaa kanzu nyeupe, na kifuani alikuwa ameshona moyo mwekundu wenye msalaba juu yake. Alikuwa padri. Hakuja kuuza kitu wala kupita, alikuja kukaa. Kijiji alichokichagua ni Tamanrasset, nacho siku zile kilikuwa na vibanda vipatavyo ishirini tu, tena vimetawanyika mbalimbali, hata mtu akisimama mbele ya mlango wake hakuweza kuita jirani akasikiwa. Jina la padri huyo ni Charles de Foucauld. Tarehe 15 Mei 2022 Papa Fransisko alimtangaza kuwa Mtakatifu. Lakini siku ile ya Agosti hapakuwa na mtu kijijini aliyemngoja, wala aliyemwita, wala aliyejua kwa nini amekuja.

Alizaliwa Strasbourg, katika nchi ya Ufaransa, tarehe 15 Septemba 1858, katika ukoo wa heshima na wa mali nyingi. Alikuwa hajatimiza miaka sita mama yake alipofariki, na baba yake akamfuata mama mwaka ule ule. Yeye na umbu lake mdogo, Marie, wakachukuliwa na babu yao mzaa mama, mzee aliyekuwa kanali wa jeshi. Mzee huyo aliwapenda yatima wake kwa moyo wote, pengine kupita kadiri, kwa maana hakuweza kumnyima mjukuu wake kitu.

Charles alibatizwa akiwa mtoto mchanga, akapokea Komunyo ya kwanza kwa ibada. Walakini alipofikia umri wa miaka kumi na sita imani ilikuwa imezimika moyoni mwake kama taa iliyokwisha mafuta. Mkatekumeni adhaniye kwamba siku ya kumwagiwa maji ndiyo mwisho wa safari na atazame kijana huyu. Akaingia chuo cha maofisa mwaka 1876. Babu yake alipokufa, miaka miwili baadaye, alimwachia urithi mkubwa, naye akautawanya kwa karamu, kwa michezo ya kamari na kwa mambo ambayo yeye mwenyewe aliyalia baadaye. Mwaka 1880 jeshi lilimpeleka Algeria. Mwaka uliofuata likamwondoa kazini, kwa kuwa alikuwa akiishi na mwanamke asiye mke wake na hakutaka kumwacha. Aliposikia kwamba wenzake wanapigana vita, aliona aibu, akaomba kurudishwa, akapigana nao kwa ushujaa. Kisha akaacha jeshi kabisa mwaka 1882.

Alitaka sasa kuitembelea nchi ya Moroko, ambayo wakati ule sehemu zake nyingi zilikuwa zimefungwa kwa Wakristo. Basi akajigeuza Myahudi, akavaa nguo za Kiyahudi, akaongozwa na rabi mmoja jina lake Mardochée. Tangu Juni 1883 hata Mei 1884 alipita katika nchi hiyo akiandika kwa siri, katika kijitabu kilichofichwa mkononi mwake, habari za milima na mito na njia. Chama cha Jiografia cha Paris kikampa nishani ya dhahabu kwa kazi hiyo. Lakini faida kubwa aliyoipata haikuwa ile nishani. Yeye, mwana wa ukoo mkubwa, alionja kudharauliwa. Katika miji mingine watoto walimtupia mawe kwa kumdhani Myahudi. Tena alionja ukarimu, kwa kuwa Waislamu kadha wa kadha walimpokea nyumbani mwao, na wengine wao walihatarisha uhai wao ili kumlinda. Akawaona wakisujudu saa za sala, pasipo kuona haya mbele ya mtu yeyote. Swali likamwingia moyoni: je, watu hawa wanajua jambo asilolijua yeye?

Aliporudi Paris swali hilo halikumwacha. Binti wa shangazi yake, Marie de Bondy, alikuwa mwanamke mwenye akili na mwenye ibada, wala hakumsumbua Charles kwa maneno. Alimwachia mlango wazi tu. Charles akaanza kuingia makanisani, akikaa humo saa nyingi, akimwomba Mungu ajijulishe kwake, ikiwa kweli yuko. Mwishoni mwa Oktoba 1886 akaenda kanisa la Mtakatifu Augustino kumtafuta Padri Huvelin, akamwambia kwamba anataka kufundishwa dini. Padri hakumpa mafundisho. Akamwamuru apige magoti aungame. Charles akapiga magoti, akaungama, na asubuhi ile ile akapokea Ekaristia takatifu. Alikuwa na umri wa miaka ishirini na minane.

Tangu hapo hakuwa na hamu nyingine ila kumfuata Yesu pale alipokuwa mdogo kuliko wote, yaani Nazareti. Mwaka 1890 akaingia katika monasteri ya Watrapisti, kwanza Ufaransa, kisha Siria. Hata huko aliona kwamba umaskini hautoshi. Akaomba ruhusa, akaenda Nazareti penyewe mwaka 1897, akawa mtumishi wa masista Waklara, akilala katika kibanda cha kuwekea vyombo vya bustani, akitumwa posta na kufagia. Huko akafahamu kwamba karamu ya Bwana yapaswa kupelekwa kwa wale walio mbali kabisa nayo. Akakubali kupewa upadri, jambo alilolikimbia siku nyingi, akapadrishwa tarehe 9 Juni 1901, naye ana miaka arobaini na miwili.

Mwaka ule ule akaenda Beni Abbes, katika Sahara, karibu na mpaka wa Moroko. Askofu hakuwako huko. Aliyelichunga jimbo hilo pana alikuwa Monsinyori Guérin, wa shirika la Mapadri Weupe, ndilo shirika lile lile la Kardinali Lavigerie lililoleta Injili kwenye pwani za ziwa Tanganyika. Nyumba ya Padri Charles haikuwa na mlango uliofungwa. Tangu alfajiri walikuja watumwa, maskini, wagonjwa, wasafiri na askari. Akawakomboa watumwa kadhaa kwa fedha alizoomba kwa jamaa zake, na mmojawapo aliitwa Paul Embarek, kijana mweusi ambaye tutamwona tena. Akawaandikia wakubwa wa Ufaransa na wa Kanisa, akilia kwamba ni aibu kwa nchi ya Kikristo kutazama utumwa na kunyamaza. Akashauriwa awe na busara.

Rafiki yake wa zamani jeshini, Laperrine, ambaye sasa alikuwa mkuu wa majeshi ya oasisi, alimweleza habari za Watuareg wa Hoggar, watu ambao hakuna padri aliyepata kukaa kwao. Hivyo ndivyo alivyofika Tamanrasset.

Watuareg ni watu wa ngamia na mbuzi. Wanaume hufunika uso kwa kitambaa kirefu, hata macho tu yakaonekana, lakini wanawake hawafuniki uso. Wanawake ndio wapigao zeze la uzi mmoja jioni, watu wakakusanyika kuwasikiliza. Dini yao ni ya Kiislamu. Lugha yao huitwa Tamahaq, na wana herufi zao wenyewe, ziitwazo tifinagh, ambazo watu wengine hawazisomi. Siku zile walikuwa na tabaka zao: juu walikaa wakuu, chini yao raia walipao kodi, kama kabila la Dag Ghali lililolisha mbuzi karibu na Tamanrasset, na chini ya hao Waharatini wenye ngozi nyeusi, wakulima wa bustani ndogo za ngano, kisha watumwa. Mkuu wao wote, aitwaye amenokal, alikuwa Moussa ag Amastane, mtu mwenye ibada na busara, naye ndiye aliyempa Padri Charles ruhusa ya kukaa.

Ruhusa ya mkuu ni jambo moja, na moyo wa kijiji ni jambo jingine. Kila mtu aliyepata kuhamia mbali na kwao anajua hayo: mwanamke aliyeolewa kijiji kingine, mwalimu wa dini aliyetumwa penye lugha asiyoijua, kijana aliyefuata kazi. Watu humsalimu mgeni kwa adabu, kisha humtazama. Tena Padri Charles alikuwa na mzigo mwingine ambao mgeni wa kawaida hana. Miaka mitatu tu kabla ya kufika kwake, tarehe 7 Mei 1902, askari wa Wafaransa walipigana na Watuareg wa Hoggar mahali paitwapo Tit, mwendo wa siku moja hivi kutoka Tamanrasset, na Watuareg karibu mia waliuawa. Katika hema nyingi palikuwa na mjane au yatima wa Tit. Na huyu padri alikuwa Mfaransa, tena aliyekuwa zamani ofisa, tena rafiki wa maofisa waliopita na ngamia zao na kulala kwake. Yeye alikuja kwa ajili ya Yesu peke yake. Lakini jirani hawezi kusoma moyo, husoma nguo na rafiki za mtu.

Akajenga nyumba ya mawe na udongo, ndefu na nyembamba, upande mmoja altare, upande mwingine meza na kitanda. Wazungu wa karibu walikuwa In Salah, zaidi ya kilometa 600. Akaanza kufanya yale aliyoyajua, ndiyo kutoa. Aliwapa wanawake sindano za kushonea, zilizokuwa haba sana huko. Aliwapa wagonjwa dawa. Aliwapa wenye njaa ngano na tende. Waliokuwa na haja walikuja. Wasiokuwa na haja hawakuja. Mwenye kutoa siku zote hukaa juu kidogo kuliko mwenye kupokea, hata akiwa mnyenyekevu kama nini, na watu wa Hoggar, walio na kiburi cha milima yao, hawakupenda kukaa chini ya mtu.

Kwa bidii ya ajabu akajifunza lugha. Mwaka 1906 rafiki yake Motylinski, mwanachuoni wa lugha za Sahara, alikuja kukaa naye kwa muda wakifanya kazi pamoja, lakini mwaka uliofuata Motylinski akafa. Paul Embarek naye, aliyekuwa mhudumu wake wa Misa, alikuwa amekwenda zake. Hapo Padri Charles akabaki peke yake, naye akapata hasara iliyomchoma kuliko upweke wote, kwa maana sheria ya Kanisa ya wakati ule haikumruhusu padri kutoa Misa bila mtu wa kumwitikia. Kijiji kizima hakikuwa na Mkristo hata mmoja. Noeli ya mwaka 1907 ikafika, na Padri Charles hakuweza kutoa Misa. Ilikuwa mara ya kwanza tangu kuongoka kwake kupita Noeli bila Misa. Wapo watu walioulaumu uamuzi wake wa kubaki, wakisema ingalikuwa heri arudi Beni Abbes, mahali palipokuwa na wahudumu. Yeye alibaki, akisadiki kwamba Yesu hakuacha kijiji kile kwa kuwa mikono ya padri imefungwa.

Na mwaka ule mvua ilikuwa imekataa. Kwa zaidi ya mwaka mzima hakikunyesha cha maana. Majani yakakauka, mbuzi wakakosa maziwa, na watu waishio kwa maziwa wakaanza kukonda. Padri Charles akafungua akiba yake. Siku baada ya siku akawakusanya watoto mlangoni kwake, akawagawia ngano na tende, hata akiba ikamwishia. Mwenyewe alikula kidogo sana, akalala kidogo, akaandika kamusi yake mpaka usiku. Mwili una mpaka wake. Tarehe 20 Januari 1908 alianguka. Hakuweza tena kusimama wala kusogea, pumzi ikamkata kila alipojaribu kutikisika, na moyo wake ukadhoofika. Akaona kwamba huenda amefika mwisho.

Hapo hesabu ya kijiji ikageuka. Aliyetoa alikuwa hana cha kutoa. Ghala yake tupu, dawa zake hazimfai, Wafaransa wako mbali mwendo wa majuma mengi. Alilala chini kama maskini yeyote wa Hoggar, akingoja tu yale ambayo jirani zake wangependa kumtendea. Wangaliweza kumwacha. Hakuwa ndugu yao, hakuwa wa dini yao, na alikuwa wa taifa la washindi wa Tit. Tena wao wenyewe walikuwa na njaa, na watoto wao walikuwa wakilia.

Watuareg wakatoka wakazunguka. Katika eneo la kilometa nne pande zote wakatafuta kila mbuzi aliyekuwa bado na tone la maziwa, wakamkamua, wakakusanya matone hayo, wakamletea padri. Siku hiyo, na kesho yake, na siku zilizofuata. Mtu aliyeona ukame anajua thamani ya kibuyu kile: kila tone aliloonja Padri Charles lilikuwa limepita kando ya mdomo wa mtoto fulani. Akanywa. Polepole nguvu zikamrudia. Laperrine, alipopata habari, alituma ngamia wenye vyakula, lakini walipofika mgonjwa alikuwa amekwisha kuokolewa na mbuzi wa jirani.

Mwishoni mwa mwezi ule ule posta ilileta barua kutoka kwa Monsinyori Guérin. Alikuwa amemwomba Papa Pius X, na Baba Mtakatifu amekubali kwamba padri wa Tamanrasset aruhusiwe kutoa Misa peke yake, bila mhudumu. Basi katika siku chache Padri Charles alipewa vitu viwili ambavyo hakuweza kujipatia mwenyewe: maziwa kutoka kwa Waislamu na Misa kutoka kwa Papa.

Wale walioandika maisha yake husema kwamba tangu ugonjwa huo alikuwa mtu mwingine. Sadaka zake hazikukoma, lakini hakuwa tena mtoaji peke yake. Akaanza kuwaomba watu kitu walichokuwa nacho kwa wingi na ambacho hakuna mgeni aliyewahi kukithamini, yaani maneno yao. Watuareg ni washairi. Vita, mapenzi, ngamia mzuri, kilio cha mfu, yote huyatunga mashairi. Padri akakaa na wanawake na wazee wakimsomea mashairi hayo, naye akiandika kila mstari, akiuliza maana ya neno hili na lile, mwanafunzi mbele ya walimu. Akiwalipa kidogo kwa mistari, hakuna aliyeona haya kupokea, kwa kuwa sasa ilikuwa biashara ya watu sawa. Wanawake wakaja na watoto wao, wakaketi nje ya nyumba yake wakicheka makosa yake. Dassine, binti wa ukoo wa Moussa, mtunzi mashuhuri kuliko wote, akawa rafiki yake. Ba Hammou, mwandishi wa Moussa, akaketi naye siku nyingi tangu asubuhi hata jioni wakipima maneno. Kazi hiyo ilizaa maelfu ya mistari ya mashairi, na kamusi kubwa ya Tamahaq na Kifaransa iliyochapwa kwa mkono wa mwandishi kama alivyoiacha, katika vitabu vinne, mwaka 1951 na 1952. Mpaka leo anayetaka kuijua lugha ya Hoggar lazima apitie hapo.

Mwaka 1911 alijenga kijumba kingine juu ya mlima wa Asekrem, mahali palipoinuka zaidi ya meta 2,600, kwa sababu Watuareg huhamisha makundi yao huko majani yakiota. Kama hawashuki kwake, yeye apande kwao. Upepo wa huko ni mkali, na maji ni ya kubeba. Akakaa miezi kadhaa, jamaa nzima nzima zikija kumtembelea na kulala karibu, kwa kuwa safari ilikuwa ndefu. Na kula pamoja na kulala karibu huondoa ugeni kuliko mazungumzo mengi.

Mwaka 1913 akafanya jambo ambalo wengine waliliona la kichekesho. Alipokwenda Ufaransa kuwaona jamaa zake, alimchukua Ouksem, kijana wa Dag Ghali. Hakumpeleka kuonyeshwa majumba marefu tu. Alimpeleka nyumbani kwa umbu lake na kwa jamaa na rafiki zake, akala mezani pao na kucheza na watoto wao. Sasa Ouksem ndiye aliyekuwa mgeni, asiyejua lugha, mwenye nguo zinazokodolewa macho, na Padri Charles ndiye mwenyeji wa kumwelekeza. Aliporudi Hoggar kijana huyo aliweza kuwaambia wenzake kwamba Wafaransa nao wana mama na shangazi, na kwamba alikaribishwa.

Huenda mkatekumeni akauliza: je, aliwabatiza wangapi? Katika Watuareg wa Tamanrasset hakumbatiza hata mmoja. Miaka kumi na mmoja ya sala, ya kuabudu Ekaristia usiku, ya kufundisha watoto na kuponya macho ya wazee, na kitabu chake cha ubatizo kilibaki kitupu. Aliandika kanuni za ndugu ambao angependa waje kuishi naye, na hakuna aliyekuja akadumu. Hakuwalazimisha watu, wala hakuwahonga kwa sindano na ngano ili wakubali. Alisema wazi katika barua zake kwamba kazi yake ni kutayarisha udongo, na kwamba wengine watapanda. Wanaoishi mahali penye kanisa, penye mwalimu wa dini na kengele ya Jumapili, si rahisi wafahamu imani ya namna hiyo.

Wala si haki kuficha kwamba alikuwa mtu wa wakati wake. Aliipenda Ufaransa, akadhani kwamba utawala wake katika Afrika ungeweza kuwa baraka kama ungefuata haki, akawakemea kwa ukali maofisa waliodhulumu watu. Algeria ilijipatia uhuru wake mwaka 1962, na siku hizi waandishi hubishana sana juu ya urafiki wa padri huyo na jeshi. Urafiki huo ndio uliomletea mauti.

Vita vikuu vya mwaka 1914 vilifika mpaka jangwani. Kutoka upande wa Tripoli wapiganaji wa Wasanusi waliwashambulia Wafaransa, na vikosi vya wanyang'anyi vikazunguka. Padri Charles akajenga boma la kuta ndefu zenye kisima ndani, ili watu wa kijiji wapate mahali pa kukimbilia, akahamia humo mwaka 1916. Jeshi likaweka humo bunduki na risasi. Nyumba iliyokuwa wazi kwa kila mtu ikawa na mlango mdogo wenye komeo, na ndani yake silaha. Alifanya hivyo kwa ajili ya jirani zake. Lakini adui aliyetazama kwa mbali aliona ngome ya Wafaransa.

Jioni ya tarehe 1 Desemba 1916, Ijumaa ya kwanza ya mwezi, alikuwa peke yake bomani. Paul Embarek, aliyekuwa amerudi kumtumikia, alikuwa kibandani kwake kijijini. Kikosi cha watu wapatao arobaini kikaja gizani. Walikuwa na Mharatini mmoja jina lake El Madani, ambaye padri alimjua na kumsaidia mara nyingi. Huyo akabisha hodi, akasema posta imefika. Padri akafungua, akanyosha mkono, nao wakaukamata, wakamvuta nje, wakamfunga mikono nyuma kwenye vifundo vya miguu, wakampigisha magoti ukutani. Paul naye akaletwa. Kijana wa miaka kama kumi na mitano akapewa bunduki amlinde mfungwa, wengine wakaingia kuiba. Padri hakusema neno. Ghafula wakatokea askari wawili wapanda ngamia, waliokuwa wakipita bila kujua lolote. Risasi zikalia, yule kijana akashikwa na hofu, akampiga padri risasi kichwani. Alikuwa na umri wa miaka hamsini na minane. Siku iliyofuata, adui walipokwisha kuondoka, Paul na watu wa kijiji walimzika pale pale shimoni pamoja na askari waliouawa.

Majuma matatu baadaye ofisa aliyefika kutazama alikuta boma limevurugwa, karatasi za kamusi zimetupwa huku na huku, na katika mchanga monstransi ndogo, hostia ingali ndani yake. Mwaka 1929 mwili wake ulihamishiwa El Golea, mji uitwao leo El Menia, ambako kaburi lake liko hata sasa. Ndugu wale aliowangoja bure walikuja alipokwisha kufa: mwaka 1933 Padri René Voillaume na wenzake walianza maisha ya Ndugu Wadogo wa Yesu, na mwaka 1939 Magdeleine Hutin akaanzisha Masista Wadogo, ambao huenda kukaa wawili watatu katika vijiji na mitaa ya maskini, wakifanya kazi za jirani zao.

Moussa ag Amastane alikuwa mbali na Tamanrasset siku ya mauaji. Habari ilipomfikia, alimwandikia barua umbu la padri, Marie, huko Ufaransa. Mwislamu huyo, mkuu wa watu walioshindwa Tit, alimweleza kwamba amelia machozi mengi, na kwamba ana huzuni kubwa, kwa kuwa Charles hakufa kwa ajili ya jamaa zake tu bali kwa ajili ya watu wote wa Hoggar. Kisha akamwombea marehemu rehema ya Mungu, na wao wote wakutane naye peponi.